Wenyeji wa Njia ya Misafara

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

 Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Mwalimu wenu na aandike ubaoni maneno haya matano: mpagazi, frasila, hongo, utani, tembe. Tutakutana nayo njiani, na kila neno nitalieleza litakapofika.

Leo tutasafiri. Hatutapanda basi wala gari la moshi. Tutakwenda kwa miguu, katika mawazo yetu, toka Bagamoyo pwani mpaka Tabora, kisha mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Njia hii ni ndefu. Mpaka Tabora ni zaidi ya kilometa 800, na mpaka Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,200. Tutawajua watu waliokaa kando yake, na tutaona jinsi walivyojuana wao kwa wao.

Lakini kwanza nina swali. Ni nani aliyefungua njia hii? Ukiwauliza watu kumi, huenda wengi watakujibu kuwa ni Waarabu, na wengine watasema ni Wazungu. Jibu hilo lina kasoro. Tega sikio, nawe utajua kwa nini.

Kabla ya wageni

Zamani sana, kabla mgeni wa pwani hajafika Tabora, watu wa bara walikuwa wakifanya biashara wao kwa wao. Huko Uvinza, karibu na mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Watu waliyachemsha maji hayo katika vyungu mpaka ikabaki chumvi. Kazi hiyo imefanywa kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ya Uvinza ilichukuliwa mbali sana, kwa maana hakuna nyumba isiyotaka chumvi. Mafundi wa chuma nao walifua majembe, na majembe yakauzwa kwa watu wasiokuwa na chuma. Shaba ilitoka Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Basi njia zilikuwapo. Zilikuwa vijia vyembamba, vya watu kufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Watu waliozoea sana kuzifuata ni hao tunaowaita leo Wanyamwezi.

Jina hilo lina habari yake. Wanyamwezi hawakujiita hivyo hapo kwanza. Kila mtu alijitaja kwa nchi ya mtemi wake: huyu wa Unyanyembe, huyu wa Uyowa, huyu wa Ulyankulu. Jirani wa kaskazini aliitwa Msukuma, maana yake mtu wa kaskazini, na jirani wa kusini aliitwa Mdakama, maana yake mtu wa kusini. Jina la Wanyamwezi lilienezwa na watu wa pwani. Wengi hueleza kuwa maana yake ni watu wa mwezi, kwa sababu mwezi mwandamo huonekana upande wa magharibi, na wao walitoka huko. Ona basi: kabila zima lilipata jina lake barabarani, kwa kuonekana na wageni likija toka magharibi.

Karibu na mwaka wa 1800 Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufika pwani kwa miguu yao wenyewe, wakichukua pembe za ndovu. Walirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Misafara ya watu wa pwani kwenda bara ilikuja baadaye, nayo ilifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Hapo ndipo penye kasoro ya jibu letu. Mgeni alikuta njia, akaifuata. Waliomwongoza ni wenyeji.

Mpagazi na mzigo wake

Sasa tulitazame neno letu la kwanza, mpagazi. Mpagazi ni mtu achukuaye mzigo kwa ujira. Katika nchi nyingi za njia hii ng'ombe na punda walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Gari halikuwako. Kwa hiyo kila kitu kilichotoka bara kwenda pwani, na kila kitu kilichotoka pwani kwenda bara, kilipita juu ya kichwa au bega la mtu.

Neno la pili ni frasila. Ni kipimo cha zamani cha uzito, karibu kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Juu ya hizo aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, chakula kidogo na silaha. Pembe kubwa ya ndovu ilichukuliwa na mtu mwenye nguvu nyingi, au watu wawili waliibeba kwa mzegazega, yaani kwa mti uliolazwa mabegani mwao.

Mbele ya wote alikwenda kirangozi. Huyo ndiye aliyeijua njia, maji na desturi za watu wa mbele. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Safari ilianza alfajiri, na kwa kawaida ilikoma kabla ya jua kuwa kali. Kisha watu walijenga kambi, wakaizungushia boma la miiba, wakatafuta kuni na maji. Wanawake wengi walifuatana na waume zao. Walichukua vyungu na watoto, na kazi yao ya kupika ilianza wakati wanaume walipopumzika.

Wanyamwezi walipenda kusafiri wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Mvua zilipokaribia walitaka kuwa nyumbani ili walime. Mfanya biashara mwenye haraka alikasirika, lakini hakuweza kuwalazimisha. Walijua thamani ya kazi yao, na mara nyingi walikubaliana juu ya ujira kabla ya kuinua mzigo. Kwa kijana, safari ya pwani ilikuwa heshima. Aliyekwenda na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Majirani wa njiani

Sasa tuondoke Bagamoyo. Siku za kwanza tunapita katika nchi za Wazaramo, Wakwere na Wadoe. Kisha tunapanda milima ya Usagara. Tukishuka upande wa pili tunafika Mpwapwa, mahali pa maji mazuri, na misafara ilipenda kupumzika hapo. Mbele yake ni nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali. Ukiivuka, umeingia Ugogo.

Hapa tunakutana na neno la tatu, hongo. Hongo ilikuwa ushuru uliolipwa kwa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. Wagogo walijulikana sana kwa hongo. Wasafiri wengi, hasa Wazungu, waliandika maneno ya uchungu juu yao. Waliwaita wachoyo na wenye jeuri.

Lakini wewe jiweke mahali pa Mgogo. Nchi yako ni kavu. Kisima umekichimba wewe, na maji yake hayatoshi hata ng'ombe wako. Mara unaona watu mia tano wanakuja, wote wana kiu, wote wanataka maji na chakula, na kesho wataondoka. Je, utawaachia wanywe bure? Hongo ilikuwa bei ya maji, na bei ya amani. Mwenye kulipa alipita salama. Kitabu kilichoandikwa na msafiri hukupa shauri la msafiri tu. Mwenye kisima hakuandika kitabu.

Baada ya Ugogo kulikuwa na pori kubwa liitwalo Mgunda Mkali. Watu wengi walikufa humo kwa kiu na njaa. Jambo hili linatuleta kwenye neno la nne, utani.

Bila shaka unaufahamu utani. Mzaramo humtania Mnyamwezi, hata msibani, wala hakuna anayekasirika. Wengi hudhani ni mzaha tu. Kumbe utani mwingi wa namna hii ulikua katika njia za misafara. Mtu aliye mbali na kwao hana ndugu. Akiugua, nani atampa uji? Akifa, nani atamzika? Mtani wake. Mtani aliweza kuingia katika nyumba ya mtani akaomba chakula, naye akapewa. Watu waliokuwa wageni, na pengine maadui, walifanya mapatano ya kusaidiana, wakayafunika kwa kicheko ili yasisahaulike. Mapatano hayo hayakuandikwa popote, lakini yamedumu mpaka leo.

Mji wa Tabora

Tumekwisha kuvuka pori. Sasa tunaona mashamba, vijiji vyenye maboma, na ng'ombe. Hii ni Unyanyembe, na mji wake ni Tabora. Wengi husema kuwa jina la Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula kizuri cha safari.

Tabora ilikuwa njia panda. Njia moja ilitoka pwani. Nyingine ilikwenda magharibi mpaka Ujiji. Nyingine ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Nyingine ilielekea kusini. Kila msafara ulipumzika hapa, na wapagazi wengi walilipwa hapa, wakaajiriwa wengine.

Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni mwaka wa 1857, wakafika mwezi wa Novemba. Walikuta Waarabu wamekaa hapo, mahali walipopaita Kazeh, wakapokewa vizuri na Snay bin Amir, mfanya biashara mkubwa. Waarabu hao walikaa katika tembe, ambalo ndilo neno letu la tano. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la bapa, iliyojengwa kuzunguka ua. Namna hiyo ya nyumba ni ya wenyeji wa bara. Mgeni aliiga, akaongeza milango ya kuchonga na mabaraza ya pwani. Kwa hiyo hata nyumba za Tabora zilikuwa na mchanganyiko, kama watu wake.

Nani aliwaruhusu wageni kukaa? Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Aliona faida ya biashara, akawakaribisha. Karunde, wa nyumba hiyo ya watemi, aliolewa na Muhammed bin Juma, baba wa Tippu Tip. Kwa hiyo hapo mwanzo mgeni na mwenyeji walikuwa jamaa.

Lakini Fundikira alikufa katika mwaka wa 1858, na mambo yakageuka. Mnywa Sele, aliyemfuata, alitaka wafanya biashara walipe ushuru. Wao walikataa, wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele alipigana nao porini kwa miaka kadhaa mpaka alipouawa katika mwaka wa 1865. Kisha akaondokea Mirambo, mtemi aliyeunganisha nchi nyingi ndogo zikawa dola moja yenye nguvu. Katika mwaka wa 1871 Waarabu wa Tabora walipigana naye. Mirambo aliwashinda, akachoma sehemu ya mji, na njia ya Ujiji ikafungwa. Alikufa katika mwaka wa 1884. Wa mwisho ni Isike wa Unyanyembe, aliyewapinga Wajerumani. Katika mwezi wa Januari mwaka wa 1893 walipoingia katika boma lake, aliwasha baruti kuliko kukamatwa.

Watu hawa watatu, Mnywa Sele, Mirambo na Isike, hawakufanana. Lakini kila mmoja alipigania jambo lile lile: njia ipitayo katika nchi yetu ni ya nani?

Waliotembea bila hiari

Tumesema habari za wapagazi waliolipwa. Sasa lazima tuseme habari za watu wengine, maana historia isiyotaja aibu si historia.

Katika njia hii hii walipita watumwa. Wengine walitekwa vitani, wengine waliuzwa wakati wa njaa, wengine waliibwa. Walifungwa kamba au minyororo shingoni. Wengi hawakufika. Waliofika waliuzwa pwani na Unguja, na wengine walipelekwa ng'ambo ya bahari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa katika mwaka wa 1873, lakini utumwa haukwisha siku hiyo. Katika Tanganyika uliondolewa kabisa kwa sheria katika mwaka wa 1922.

Si wote waliokwenda pwani. Wengine walinunuliwa hapa hapa Unyamwezi, wakalima mashamba ya watu waliokwenda safari. Basi tusiseme kuwa ubaya huu ulifanywa na kabila moja au dini moja tu. Palikuwa na Waarabu ndani yake, na watu wa pwani, na watemi wa bara, na wanunuzi wa nchi za mbali waliotaka pembe na karafuu.

Katika Tabora na Ujiji utawakuta Wamanyema. Wazee wao walitoka magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Kongo. Nao si kabila moja. Walikuwa watu wa makabila mengi waliopewa jina moja. Wengine waliletwa kama watumwa, wengine walikuja kama wafuasi wa wafanya biashara, wengine kama wapagazi. Walipoteza vijiji vyao, lakini walijenga ujamaa mpya mijini. Wengi wao wakawa Waislamu, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba zao.

Pengine katika darasa lako leo amekaa mjukuu wa mpagazi, na karibu naye mjukuu wa mfanya biashara, na nyuma yao mjukuu wa mtumwa. Hakuna hata mmoja aliyejichagulia babu. Historia hatujifunzi ili tuchekane. Twajifunza ili tujue tumetoka wapi, na ni nani aliyelipa gharama ya njia.

Mtu aliyejua kuandika

Nje kidogo ya Tabora, mahali paitwapo Kwihara, kuna tembe iliyojengwa upya mahali alipokaa Livingstone katika mwaka wa 1872. Aliondoka hapo mwezi wa Agosti, akaenda kusini, akafa katika mwaka wa 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Wafuasi wake hawakumwacha. Chuma na Susi na wenzao walikausha maiti yake, wakaifunga kama mzigo, wakaichukua kwa miguu. Walipofika Unyanyembe walikutana na Waingereza waliowashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Wakafika Bagamoyo katika mwezi wa Februari mwaka wa 1874, baada ya safari ya miezi mingi, na maiti ikazikwa London.

Katika kundi hilo alikuwamo kijana mmoja, Jacob Wainwright. Aliwahi kuwa mtumwa, akakombolewa, akasoma shule huko India. Yeye alijua kuandika. Alichonga maneno juu ya mti pale Livingstone alipofia, na aliandika habari za safari ile siku kwa siku. Wenzake walichukua mzigo sawa na yeye, na wengine walikuwa wakubwa kuliko yeye. Lakini sauti tunayoisikia leo toka ndani ya kundi lile ni yake.

Tippu Tip naye, mfanya biashara mkubwa wa pembe na watumwa, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Kwa hiyo tunajua aliyoyataka tuyajue. Watu waliochukua pembe zake hawakuandika. Je, mambo yao hayakutendeka? Yalitendeka, lakini hakuna aliyeyaweka katika karatasi.

Mwisho wa misafara

Wajerumani walijenga reli toka Dar es Salaam. Ilifika Tabora katika mwaka wa 1912, na Kigoma katika mwaka wa 1914. Wanyamwezi wengi walifanya kazi ya kuijenga. Gari moja la moshi lilichukua mizigo ya mamia ya wapagazi, na kazi ile ya zamani ikaisha. Reli yenyewe, kwa sehemu kubwa, inafuata upande ule ule wa nchi waliotembea wao.

Lakini kitu kimoja walichokichukua wapagazi hakikuisha. Mnyamwezi alipotaka maji kwa Mgogo, alisema naye kwa lugha gani? Mmanyema alipokaa Tabora, alizungumzaje na jirani yake? Kiswahili kiliingia bara katika vinywa vya wasafiri hawa, kambi kwa kambi, kisima kwa kisima. Mwezi wa Januari mwaka wa 1958 wajumbe wa TANU walipokutana Tabora kushauriana juu ya uchaguzi, walitoka pande nyingi za Tanganyika na walikuwa na lugha moja ya kusikilizana. Lugha hiyo ndiyo unayojifunza kuisoma sasa katika ukurasa huu.

Basi turudi kwenye swali letu. Ni nani aliyefungua njia? Ni mchemsha chumvi, na mfua majembe, na mpagazi, na mkewe mwenye chungu, na mwenye kisima, na mtani aliyemzika mgeni. Na wengine waliikanyaga huku wakilia.

Kazi ya juma hili

Kwanza, zungumzeni darasani: Je, Mgogo alikuwa na haki ya kudai hongo? Atakayesema ndiyo na atakayesema hapana, kila mmoja atoe sababu zake.

Pili, taja kabila lenye utani na kabila lako. Uliza wazee ulianzaje.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: mtafute mzee mmoja, mume au mke, umwombe akusimulie safari moja ya baba yake au bibi yake. Andika mistari mitano tu. Andika jina la mtu, alitoka wapi, alikwenda wapi, alichukua nini, na alirudi au hakurudi. Usiogope makosa ya herufi, mwalimu atakusaidia. Ukimaliza, msomee mzee huyo uliyoyaandika.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.